Matairi ya Selestini

Jumatatu, 28 Julai 2003

Siku kumi na moja kabla ya resi ya Nane Nane, na tairi la nyuma limeisha kabisa. Nyuzi zinachungulia. Mwaka jana lilinipasukia pale Mwanga nikiwa wa tatu — wa tatu! — nikamaliza kwa miguu, baiskeli begani, watu wananicheka. Mwaka huu washindi wawili wanapelekwa Tabora kwenye mashindano ya kanda. Nina miaka thelathini na nne. Nikiikosa hii, basi tena.

Nimepita dukani Ujiji. Wana matairi ya Kihindi tu, mapana, mazito, ya kubebea magunia ya mkaa. Mwenye duka anaapa ni ya resi. Nikamuuliza resi ya nini, ya punda? Akanuna.

Feliksi akanikuta pale pale. Eti anapita. Feliksi wa bandarini hapiti mahali bure, na mwaka jana alikuwa wa pili. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia kengele.

Jumatano, 30 Julai

Ajabu ya leo. Selestini, yule Mrundi fundi baiskeli wa Gungu, alikuja kibandani kuchukua gauni nililomshonea mkewe, Inamahoro. Akalikagua, akasifu mishono, akalikunja. Halafu hakuondoka. Akasema amesikia natafuta matairi.

Amesikia wapi? Nimemwambia mke wangu Hasna na mwenye duka. Basi!

Anayo jozi moja ya resi, pamoja na ringi zake. Alishindana nayo Bujumbura enzi za ujana, akakimbia nayo mwaka 93 imeviringishwa ndani ya mkeka. Wenzake walibeba sufuria na watoto, yeye kabeba ringi! Anataka kuniazima. Nikauliza bei. Hakuna bei, nirudishe tu baada ya resi.

Wanasema rahisi ni ghali. Bure je?

Ijumaa, 1 Agosti

Baada ya swala nilikwenda Gungu kuyaona. Niseme ukweli: mepesi, mtu hasadiki. Membamba kama kidole gumba changu, rangi ya asali ubavuni. Lakini ringi hazina mdomo! Tairi litashikwa na nini? Gundi, anasema. Yeye analiita “bwayo”. Ameyavalisha kwenye ringi zote mbili kavu kavu, bila gundi, akajaza upepo kidogo, ili matairi yanyooke. Nisiyavue. Alhamisi atayabandika kwa mkono wake.

Nikauliza tyubu iko wapi. Iko ndani. Ndani wapi? “Ndani, Khalfani. Buhoro buhoro, tulia.”

Mtu akiniambia nitulie, hapo ndipo ninapoamka.

Inamahoro akatenga ugali wa muhogo na dagaa. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Jumapili, 3 Agosti

Feliksi kaleta suruali nimpindie upya. Macho yote kwenye magurudumu yaliyotundikwa ukutani. Matairi ya gundi, akasema, kwa jua hili? Yatachomoka kwenye kona ya kwanza, uache meno barabarani. Halafu akashusha sauti: juzi kamwona Selestini akikaza spoku za baiskeli ya mshindani mmoja wa Katonga. Jiulize anamsaidia nani, akasema. Mkimbizi hatoi kitu bure.

Alipoondoka nikaitazama ile suruali. Pindo halina kasoro hata moja. Hasna akasema, unaona, alikuja kuchungulia, Feliksi akikusifu ogopa, akikuonya ogopa mara mbili. Kweli. Lakini hata mchunguliaji huona kitu. Ile ya spoku imenikaa rohoni.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelivua la nyuma. Nilijua!

Chini, upande unaolala kwenye ringi, kuna utepe wa kitambaa umebandikwa kuzunguka tairi zima. Mimi ni fundi cherehani miaka kumi na mitano. Anayefunika mshono ana sababu. Nikaubandua kidogo. Chini yake — mshono! Si wa sehemu moja, tairi zima limeshonwa, mwanzo mpaka mwisho.

Mjini kwetu nani asiyejua? Tairi lililoshonwa ni tairi lililokufa. Mafundi wanalishona kwa uzi wa nyavu, wanalipaka kiwi ya viatu, wanakuuzia liking'aa. Zuri nje tu. Na huyu kanipa la kunipasukia tena mbele ya mji mzima, huku mtu wake wa Katonga akipita.

Nikachukua wembe. Nikafumua shubiri nzima nione kaficha nini. Ndani kuna tyubu nyembamba, kama ngozi ya kitunguu, na ncha ya wembe ikaigusa. Tundu. Sikujali.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Bonaventura. Sikumshtaki mtu. Nilimuuliza tu kama yule Selestini ana kibali cha kuishi nje ya kambi. Kuuliza si kushtaki. Mzee akavaa miwani, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi sikumwambia aandike.

Jumanne, 5 Agosti

Siandiki vizuri leo. Vidole vinauma, na si vidole tu.

Nilikwenda Gungu asubuhi kumtupia tairi lake. Nikamtupia kweli, miguuni, na maneno juu yake. Tapeli, nilimwita. Aliliokota, akapitisha kidole pale nilipofumua, tundu kwa tundu. Nilidhani anatunga uongo.

Akainama chini ya kitanda akatoa jingine, kuukuu, lililokauka na kupasuka, chapa ya kiwanda bado inasomeka. Akabandua utepe. Mshono ule ule! Yote yanashonwa hivyo, akasema, yanatoka kiwandani hivyo. Tyubu inawekwa ndani, tairi linashonwa juu yake, utepe unafunika ili uzi usilike kwenye ringi.

Nikatazama vizuri. Mshono wa mashine. Hatua sawa sawa, uzi mmoja, hakuna mkono wa binadamu unaoshona vile kuzunguka tairi zima. Mtoto anayejifunza cherehani wiki mbili angeona. Mimi sikuona! Niliona nilichokuja kukiona.

Nikangoja anifukuze. Akasema: “Wewe ni fundi, mimi macho yamechoka. Kaa ushone.”

Tukaziba tundu kwa solusheni na kipande cha mpira laini. Akapaka uzi nta, akaniambia nipite kwenye matundu yale yale ya zamani, nisitoboe jipya hata moja. Saa mbili nzima nimeinama, na Selestini pembeni yangu anashika tairi lisijikunje. Sindano ikanichoma mara sita. Stahili yangu.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Feliksi alikuja kuyaomba mara mbili, kumbe! Akamnyima. Ndiye aliyemwambia pia kwamba nahangaikia matairi, kasikia kwa mwenye duka, akidhani anamchekesha. Na spoku za yule wa Katonga? Amezikaza, ndiyo, ni kazi yake, kalipwa kama kawaida. Halafu akasema mwaka jana alikuwa Mwanga, kando ya barabara, akaniona napita na baiskeli begani. Mtu asiyetupa baiskeli yake iliyomtia aibu hawezi kuyatupa matairi yangu, alisema.

Nilikuwa nimelitupa moja asubuhi ile ile.

Inamahoro akatenga ugali. Nikala. Nikala sana, kwa sababu mdomo uliojaa dagaa hausemi. Habari za Mzee Bonaventura sikuzitaja.

Jumatano, 6 Agosti

Alfajiri kwa mwenyekiti. Shikamoo Mzee, nimekuja kufuta lile neno. Neno lipi? Lile la kibali. Akavua miwani. Karatasi imekwenda kata tangu jana, na wiki hii ya sikukuu kuna msako. Haliwezi kufutwa hapa kwake. Ila kuna njia moja: aliyeuliza aende kata mwenyewe, aseme mbele yao kwamba anamjua mtu huyu na anamdhamini. Wakati mwingine wanakubali. Lakini jina langu litaandikwa, na Selestini atalisoma.

Nikasema nitakwenda kesho.

Nadhani Mzee ananitisha tu. Wazee hupenda kuonekana wana faili.

Alhamisi, 7 Agosti

Sare kumi na mbili za kwaya, zote za leo. Sikwenda kata.

Selestini kapita kuchukua magurudumu abandike nyumbani kwake. Gundi inataka usiku mzima ishike. Atayaleta stesheni kesho asubuhi. Akanishika bega. Nikachungulia njia nzima nyuma yake. Hakuna mgambo. Si nilisema? Hasna kaniuliza namwogopa nani. Nikamwambia Feliksi.

Ijumaa, 8 Agosti. Stesheni, saa mbili na nusu

Daftari nimekuja nalo. Sijui kwa nini.

Magurudumu yamefika. Kayaleta Inamahoro, moja kila bega, kwa miguu kutoka Gungu, amevaa gauni nililomshonea. Peke yake. Mgambo walikuja alfajiri. Selestini aliwaomba wangoje afute gundi iliyochuruzika kwenye ringi, na walingoja, kisha wakamchukua, yeye tu, jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Akamwachia maagizo: la nyuma lijae mpaka kidole kisizame, la mbele nipunguze kidogo. Lori la kuwarudisha kambini linaondoka kata saa nne.

Resi inaanza saa tatu. Mizunguko mitatu, Stesheni mpaka Ujiji na kurudi. Anayekimbia haraka anamaliza saa nne na nusu.

Inamahoro akaniuliza: “Khalfani, miaka kumi hakuna aliyetuuliza kibali. Nani amekumbuka leo?”

Nilikuwa nakaza nati. Nikasema sijui. Nimesema sijui, nimeandika hapa, ili nisije nikasema sikusema.

Nikaanza kutafuta mwingine wa kumbebesha lawama hii. Labda Feliksi naye alikwenda kwa Mzee. Labda mwenye duka. Nimewapima wote, mmoja mmoja. Haikai kwa yeyote. Inanikaa mimi.

Feliksi yuko mbele, kwenye matairi yake ya punda, ananipungia mkono.

Magurudumu yamekaa. Hayayumbi hata unywele. Mshono wangu uko chini, hauonekani. Kata ni huku kushoto, dakika kumi kwa baiskeli hii, nikamdhamini kabla lori halijaondoka. Barabara ya Ujiji ni kulia.

Wanaita namba. Kumi na saba ni mimi. Inamahoro hajaondoka, amesimama kwenye kamba, kanishikia pampu, anangoja nishinde ili aende kumwambia mumewe.

Nimebonyeza tairi kwa kidole gumba. Gumu. Nimebonyeza tena, hata leo bado namshuku! Gumu lile lile. Halina kosa.

Kumi na saba, wanaita mara ya pili. Nimepanda. Mguu mmoja bado uko chini