Mtani Wangu wa Kwimbogo

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Siku ya tatu Tabora. Vumbi, baridi ya asubuhi, halafu jua la mchana la kukausha hata mate. Julieth yuko zamu wodini, hospitali ya Kitete, tangu alfajiri. Jana nilimsugulia masufuria yote — akanuna! Eti, Mama umekuja kupumzika. Nipumzike na nini? Nikae kwenye kochi nitazamane na mijusi? Binti nimemzaa mwenyewe, leo ananipangia kazi ya mikono yangu.

Sasa kazua jambo. Kaniajiria mtu wa kunitembeza magofu ya Kwimbogo, Jumatatu. Mji wa zamani wa misafara, huko njia ya Goweko, watu walihama zaidi ya miaka mia iliyopita. Mtu mwenyewe ni mwalimu mstaafu, anatembeza mgeni mmoja mmoja. Nimemwambia nyumba zilizobomoka ninazo kwetu Matombo, jiko langu mwenyewe limeinama. Hakusikia. Haya. Tiketi ya kurudi Morogoro ni Jumapili ya wiki ijayo, tuvumiliane.

Jumatatu, 5 Agosti

Saa mbili kamili, pikipiki mlangoni. Mwanamume wa rika langu, sitini na kitu, kofia ya pama, suruali fupi mpaka vifundo vya miguu vinapigwa na baridi. Mwalimu Kornel Luhende. Julieth akampa shikamoo yake, akaitikia. Mimi akanisalimia vizuri kabisa, hujambo mama, karibu Unyamwezini. Halafu akauliza kwetu ni wapi. Nikasema mimi Mluguru.

Basi! Uso ukabadilika pale pale. Akanyoosha mkono, akachukua mwavuli wangu, akaufunga kwenye pikipiki yake. Eti mateka. Mtani wake nimejileta mwenyewe, nilicho nacho chote ni chake. Julieth akabaki mdomo wazi — watoto hawa utani wanausikia redioni tu. Mimi naujua. Marehemu baba alitusimulia: Wanyamwezi walipita chini ya milima yetu na pembe za ndovu mabegani, wanakwenda pwani, wana njaa, wanaumwa, wengine tukawazika sisi. Mtu aliyekuzikia ndugu yako hawezi tena kukuudhi. Ndiyo mwanzo wa utani huo. Anakutukana, unamtukana, hakuna wa kukasirika, na lolote akisema hakuna wa kuliamini.

Nikamwambia, beba tu huo mwavuli, mpagazi, kubeba vya watu si ndiyo kazi yenu. Akafurahi kweli kweli.

Njiani nilishika chuma cha nyuma ya kiti. Si kiuno cha mtu nisiyemjua.

Magofu yenyewe — nilitegemea mawe, minara, kitu! Hakuna. Udongo. Mji mzima ulikuwa wa udongo, nyumba za tembe, paa bapa, na mvua imezirudisha chini kidogo kidogo. Yamebaki matuta marefu yaliyoota majani. Ukipita haraka unadhani mtu kalima viazi akasahau kuvuna. Lakini Mwalimu haruki tuta hata moja. Anazunguka mpaka pale ulipokuwa mlango, ndipo anaingia. Hapa palikuwa ghala la pembe. Hapa walikaa Waarabu. Hapa ikulu ya mtemi. Akasema neno ikulu ni la kwao, Serikali imeazima tu. Nikasema ikulu yenyewe ndiyo hii iliyolala chini?

Akapita bwana mmoja wa mizinga ya nyuki, na baiskeli. Akamuuliza Mwalimu mgeni huyu ni nani. Mwalimu akajibu bila hata kutabasamu.

"Mke wangu. Nilimtuma maji mwaka elfu moja mia nane themanini, kule Morogoro. Ndiyo anarudi."

Nikamwambia yule bwana maji niliyanywa mwenyewe njiani, mume hakuwa na maana. Tulicheka mpaka nikashika ubavu. Sijacheka hivyo tangu mume wangu Valentino afariki, na huu mwaka wa tisa.

Mwavuli hakurudisha.

Jumatano, 7 Agosti

Julieth alimwajiri kwa siku moja. Hii ya leo sijui kaiajiri nani. Kaja tu, anasema Kwimbogo haitazamwi kwa siku moja, hata misafara ilikuwa inapumzika hapo wiki nzima. Nikasema mimi si msafara. Nikapanda.

Leo kanionyesha kambi ya wapagazi, nje ya handaki lililouzunguka mji. Mafiga! Matatu, matatu, matatu, yamekaa vile vile kama walivyoyaacha, mengine bado meusi. Nilifika arobaini nikaacha kuhesabu. Niliinama nikagusa moja. Mwanamume yuko mbali na kwao, bega limechubuka, anapanga mafiga, anapika uji, kesho mzigo tena. Watu hao hao ninaowatukana tangu Jumatatu. Machozi yakanilenga. Mwalimu aliona, akageuka akajifanya anatazama ndege. Ana adabu. Sitamwambia.

Tukakaa kula. Kaja na matobolwa na karanga. Nikamuuliza, kiazi mmekichemsha, mkakianika juani mpaka kikakauka, kiliwakosea nini? Akala tu, anacheka. Naye akaniuliza kama ni kweli kwetu ardhi ni ya wanawake, mume anaingia kama mgeni. Ni kweli. Nyumba ya Matombo aliniachia mama, na yeye aliachiwa na mama yake. Akasema basi mwanamume wa Kiluguru ni mpagazi wa kudumu. Kanishinda, nikamnyang'anya karanga zake! Mimi, Levina!

Halafu akaanza kumtaja mkewe. Apolinaria. Miaka mitano sasa. Kilichomuuma, anasema, siku ya mazishi hakutokea mtani hata mmoja. Watu walilia kwa adabu, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeruka kaburi, hakuna aliyemwigiza marehemu, hakuna aliyewachekesha wafiwa. Msiba mkavu. Anasema mpaka leo anahisi haujafungwa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama, nikafunga kanga kiunoni, nikaifanya kazi yangu. Nikajifanya ndiye Apolinaria. Nikashika nyonga, nikamsogelea.

"Kornel, mimi sikufa. Nimejificha tu nipumzike na hadithi zako za pembe."

Alinikodolea macho. Nikadhani nimeharibu. Halafu akacheka — kicheko kikatoka kikubwa, kikageuka katikati, akafunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanatikisika. Nikakaa karibu yake. Aliposhusha kofia alisema nimechelewa miaka mitano, lakini nimefika.

Kurudi nilishika kiuno. Barabara ilikuwa mbovu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji wote uko kwenye maonyesho. Mwalimu alipita mara moja na chupa ya asali, akasema hii si zawadi, ni dawa ya ulimi mchungu. Hakuingia ndani. Julieth akaniangalia. Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema, haangalii kitu, Mama.

Nimelamba asali vijiko vitatu. Nzito, ya miyombo, ina uchungu kidogo mwishoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Nianze asubuhi. Kaja, kazima pikipiki, kavua kofia. "Habari za asubuhi, Mama Julieth. Umeamkaje?" Nikasubiri tusi. Hakuna. Nikamchokoza mimi, nikasema leo mpagazi kachana nywele. Akasema ahsante. Ahsante! Nikaogopa. Nikamuuliza kama ana malaria.

Tumefika Kwimbogo, akanirudishia mwavuli. Kaukunja vizuri, kaufuta vumbi. Mtani harudishi mateka. Tukapita ikulu, tukapita ghala, hakunieleza chochote. Tukafika upande wa mashariki, ulipokuwa mlango wa mji. Misafara ya kwenda pwani ilitokea hapo. Akasimama, kofia mkononi.

"Levina, Jumapili usiondoke. Nataka tuoane. Nasema kweli."

Hakuniita mtani. Hakuniita Mama Julieth. Kaniita Levina, jina ambalo halijatoka mdomoni mwa mwanamume tangu jeneza la Valentino lishuke. Na mimi je? Mdomo ulitangulia! Haukuniuliza!

"Nibebe kichwani mpaka Matombo kwanza, mpagazi, ndipo tuzungumze."

Nilicheka peke yangu. Yeye alitabasamu kidogo, akavaa kofia, akaenda kuwasha pikipiki. Nilitaka kusema ngoja. Nikapanda. Hapa mlangoni akanishukuru kwa kutembelea Kwimbogo. Anavyowashukuru wageni wote, bila shaka. Watalii.

Jumamosi, 10 Agosti

Hajaja. Saa mbili, hakuna. Saa nne nilitoka kufagia uwanja. Saa sita nikaufagia tena.

Julieth karudi kutoka zamu, kanikuta nimesugua masufuria yote, hata yasiyotumika. Hakununa. Kakaa mezani, kaniambia nimweleze. Nikamweleza. Akasema, Mama, mtu kakuambia anasema kweli, wewe ukamjibu kwa utani, unafikiri kaelewa nini? Kaelewa hapana. Na angeelewaje vingine? Siku ya kwanza tu aliniita mke wake mbele ya mtu wa nyuki. Nimemwita kila jina. Tumekuwa tukisema uongo wa kuchekesha wiki nzima, sasa ukweli utapita mlango gani?

Halafu akaniuliza kama nampenda. Mtoto anamuuliza mama yake! Nilitaka kumfokea. Nikasema ndiyo. Nampenda. Nampenda na suruali yake fupi, na anavyozunguka mpaka penye mlango wakati ukuta wenyewe haupo. Sikujua mpaka nilipolisikia neno likitoka.

Lakini nyumba ya mama Matombo je? Kaburi la Valentino je? Sijui. Hayo ni ya baadaye. Kwanza mtu ajue.

Nikachukua simu nimwandikie. Niliandika, nikafuta. Niliandika, nikafuta. Kila ujumbe unaingia mpagazi! Mwisho nikatuma: Mwalimu, njoo kesho kabla ya basi, tuzungumze.

Jibu lilikuja jioni. Fupi. "Unamwita mtani, au unamwita Kornel?"

Nimeandika: Kornel. Nimetuma haraka kabla mdomo haujashuka kwenye vidole.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika nimekaa kitandani kwa Julieth, mlango nimefunga. Basi linatoka Mpanda, linapita hapa saa tano. Sasa ni saa nne na dakika ishirini. Begi liko sebuleni.

Amekuja. Lakini hakuingia! Yuko nje kwenye geti, koti, tai, viatu vya kumeta, na suruali nyingine, ndefu. Aliyeingia ni mzee mwingine, kanzu na kofia, Mzee Adinani, jirani yake. Julieth na mimi tukatazamana. Shikamoo, marahaba, akakaribishwa chai, akanywa taratibu. Halafu akasema katumwa na Mwalimu Kornel. Ni mshenga.

Akaeleza bila kupepesa. Mwalimu kawaza usiku kucha. Yeye mwenyewe akisema, ni mtani kasema. Akimtuma dada yake, dada yake naye ni mtani. Akimtuma rafiki yake yeyote Mnyamwezi, mtani. Kwa hiyo kamwendea yeye Adinani, ambaye ni Mmanyema. Wamanyema na Waluguru hawana utani wowote. Neno likipita kwake ni neno tupu, halina mzaha ndani.

"Jibu nipe wewe mwenyewe, mama. Ndiyo au hapana. Nimeagizwa nikisikia utani niinuke, niondoke, na jambo lisirudiwe tena."

Kaniziba kila mahali! Nikafikiria na mimi nimtume Julieth ajibu. Julieth ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa mama, hakuna pa kukwepea. Jirani wa Julieth ni Msukuma, anacheka hovyo. Sina mtu. Nikasema naomba dakika moja, nikakimbilia huku chumbani.

Dakika kumi sasa. Nilisimama mbele ya kioo nikajaribu. Ndiyo, mzee wangu. Neno moja tu. Kila nikilifikia mdomo unavutwa pembeni. Nikamwona dirishani alivyosimama pale getini na tai yake, mikono mbele, anaangalia chini, mtu mzima mwalimu wa watu — na kicheko kikaondoka chenyewe. Nikaogopa zaidi.

Julieth anagonga. Anasema Mzee Adinani kamaliza chai, kakunja mikono. Anasema pia kondakta wa basi kapiga simu, wako karibu, abiria wa Morogoro yuko tayari?

Nimemwambia amwambie kondakta wapite.

Sasa Julieth analia, mjinga yule, na mimi bado sijasema hata neno kwa mwenye kuuliza. Nafunga kanga vizuri. Ndiyo, mzee wangu. Ndiyo, mzee wangu. Naweka kalamu, nafungua mlango.