Sanduku Lililoandikwa Ziada

Jumatatu, 14 Julai

"Hadithi hazitungiwi mtihani." Kauli ya Mwalimu Mkuu, asubuhi hii, langoni, mikono mfukoni, nilipomfikisha Eliza shuleni kama kawaida. Uongo, tena mwepesi. Ufahamu ni nini kama si hadithi yenye maswali chini yake? Na utungaji je? Mtoto asiyezoea hadithi husoma habari ya ufahamu kama anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Akifika ng'ambo hakumbuki alikotoka. Nikamwambia hivyo. Akacheka. "Mama Eliza, wewe ungefaa ubunge."

Simpendi anapocheka. Mtu anayecheka hivyo ameshaamua.

Anataka chumba cha kusomea kiwe bweni la kambi ya darasa la saba. Walale humo, wakariri maswali mpaka Septemba. Wazazi watapiga kura Ijumaa. Kambi siichukii. Nachukia kwamba katika vyumba vyote, pamoja na ile stoo iliyojaa madawati mabovu, kimeonekana hicho tu.

Eliza si wangu wa kuzaa. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, wa Wanging'ombe. Alikuja Makambako na Kibena kizuri na Kiswahili cha kuogopa. Darasani akanyamaza mwaka mzima. Kilichomfungua mdomo ni kile chumba: anamsomea mwenzake kwa sauti, anakosea, wanacheka, anarudia. Sasa yuko katikati ya kitabu cha msichana anayefuga bata bukini mwenye jicho moja. Vitabu havitoki nje ya chumba, ndiyo sheria. Kwa hiyo kila jioni ananisimulia alipofikia. Kikifungwa chumba, anafungwa na yeye.

Jumanne, 15 Julai

Vitabu havipo. Masanduku yote.

Nimekwenda mchana. Kufuli wazi, sakafu imedekiwa, magodoro yameegemezwa ukutani. Na kura bado! Mwalimu Anna, anayeshika chumba, aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa darasani, dada." Mkuu eti yuko kikaoni.

Magodoro yameletwa na lori la Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa mjini. Lori la mfanyabiashara halirudi tupu. Namshuku yeye. Namshuku Mkuu. Namshuku hata Anna, ambaye juzi alinipita sokoni amejifunika kitenge hadi puani, nikadhani ni baridi.

Eliza hakula. Aliuliza tu kama bata alikuwa kwenye sanduku la juu au la chini.

Jumatano, 16 Julai

Njombe. Ukungu barabara nzima. Ofisi ya elimu nimepokewa na kijana mpole mwenye sweta jipya. Akanipa kiti, akanisikiliza, kisha: "Vilivyopotea ni vya kiada au vya ziada, mama?"

Vya ziada.

Akaweka kalamu chini. Nimeiona ile kalamu ikiwekwa chini. Vingekuwa vya kiada angeandika.

Tofauti ni herufi moja tu. Kiada ni cha kufundishia, ziada ni cha kujisomea. Aliyeyapanga maneno haya hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini ziada ina maana yake tangu zamani: kilichozidi. Nguo za ziada unagawa. Mbao za ziada unachochea moto. Mpe mtu kitu ukikiita ziada, utaona atakavyokishika. Na sisi tumekiita hivyo kitu pekee ambacho mtoto hukisoma bila kutishiwa fimbo.

Sokoni nikanunua karanga, si kwa njaa, nione kikaratasi zilichofungiwa, kama si ukurasa wa vitabu vyetu. Hesabu za darasa la nne. Nikanunua kwa mama wa pili. Gazeti la michezo. Wa tatu akaniuliza, "Dada, unatafuta karanga au mume?" Nimerudi Makambako na karanga za kutosha msiba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempata mtunza stoo, Baba Zawadi, akimenya viazi vya walimu. Nimemwamkia "kamwene" na kuendelea kwa Kibena, asinikimbie. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mwalimu Mkuu alimwambia atoe vitu vyote vya ziada, dereva avibebe. Akatoa meza mbovu, akatoa mabati. Kisha akaona masanduku yameandikwa ZIADA. "Sasa, mama, mimi nibishane na maandishi?"

Maandishi ni yangu. Kalamu nene, herufi kubwa. Lakini aliyenitaka niyaandike ni Mkuu, eti wakaguzi wakija wajue. Hilo silisahau.

Kutoka hapo, kwa Mzee Hamisi, damu inachemka.

"Karibu, Mama Magazeti! Leo unanishambulia wapi, gazetini au hapa hapa?"

Hapa hapa, nikasema. Jina hilo amenipa kwa makala ninazoandika gazetini.

"Mimi niliambiwa ni takataka. Kufungua, vitabu vizima. Nikasema, lo, Wabena wameshiba, wanatupa vitabu!" Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Anasema watoto wake wanavigombania tangu juzi, runinga imepumzika. Atavirudisha kesho, vyote. Isipokuwa kimoja. Binti yake Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele, amemkumbatia bata bukini. "Huyo mnyang'anye wewe mwenyewe. Mimi nalala naye nyumba moja."

Sikuweza. Mimi niliyejaza kurasa nikitetea haki ya mtoto kusoma, nimnyang'anye mtoto kitabu katikati ya sura? Nimetoka mikono mitupu. Hasira ilikuwa imevaa viatu tayari, haikupata pa kwenda.

Nilitegemea Eliza atalia. Akauliza: "Mwanaidi amefika wapi?" Nikasema, pale kwenye kisima. Akaziba masikio. "Shangazi, basi! Usiniambie!"

Ijumaa, 18 Julai

Mkutano. Nimesema yote. Kwamba mtoto wa hapa ana Kibena cha nyumbani na Kiswahili cha ubaoni, na daraja katikati ni hadithi. Kwamba kukariri kunampitisha mtihani mmoja, kusoma kunampitisha yote. Kwamba mtoto anayejua huzuni ya mtu wa hadithini, asiyekuwepo, hatakuwa mtu mzima wa kucheka wafiwa.

Baba Tumaini akainuka. "Mwanangu akifeli, huyo bata atampeleka sekondari?"

Kicheko. Nikamjibu: "Binti yako anasoma swali mara tatu halielewi. Bata yuko karibu na sekondari kuliko wewe." Kicheko zaidi, upande wangu. Haikusaidia. Mikono ikapanda kuikubali kambi. Si yote, lakini mingi. Mama Faraja aliunyoosha wake huku akinitazama kwa huruma. Huo umeniuma kuliko mingine.

Kuhusu masanduku, Mkuu akasema ni kosa la neno tu. Labda. Baba Zawadi simshuku tena. Hamisi naye simshuku. Anna aliniambia pembeni kwamba aliona yakipakiwa akaogopa kusema, nimemwamini. Lakini kosa linalomfaa mtu kiasi hicho silikubali haraka.

Lori likaingia mkutano ukifungwa. Mkuu akasema hakuna pa kuyaweka. Hamisi akanigeukia: "Kwako, mama?"

Kwangu.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada. Baridi kali. Jiko la mkaa sebuleni, mlango wazi kidogo. Masanduku yamekula nafasi ya meza, tumekula tumepakata sahani.

Watoto wamekuja bila kuitwa. Mwanaidi pia, kitabu kwapani. Yeye na Eliza wamegawana blanketi moja na ukurasa mmoja. Eliza anataka kufunua, mwenzake anasema subiri. Eliza anasubiri. Anasoma kwa sauti, polepole, na hakuna anayemsahihisha.

Tumaini naye yupo. Kesho anaingia kambini na wenzake. Ameniuliza kwa kunong'ona kama anaweza kwenda na kimoja. Mkuu atasema nini, sijui. Namshuku.

Siandiki gazetini safari hii. Nitapita mlango kwa mlango jioni hii, niseme hivi na si zaidi: Baba Tumaini, Mama Faraja, nanyi nyote mlionyoosha mikono, kesho mnapowafungia watoto blanketi za kambi, tieni na kitabu kimoja ndani. Njooni mchague wenyewe.