Mlango Mrefu Umekataa Kufungwa

Hagg End,
Askerby,
Yorkshire.
21 Novemba 1961

Mpendwa binamu Isobel,

Salamu zangu zivuke bahari zikukute mzima, wewe na mumeo Murdo na watoto. Hujambo? Unalala vizuri? Kile kifua kimetulia? Najua maswali haya kila mtu huyaandika kabla ya kufika kwenye habari, na kila msomaji huyaruka. Safari hii usiyaruke. Nataka jibu, na sababu utaiona.

Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza kugeuka theluji mlimani, kondoo wameteremshwa, na kaka yangu Cuthbert analalamikia mgongo kama kawaida yake.

Barua yako ya Oktoba ilifika. Unasema utakuja majira ya kuchipua, na unataka ulale kwenye chumba cha juu ya meko, ulimozaliwa. Njoo. Lakini chumbani humo hutalala, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nyumba unaikumbuka: kuta nene za mawe ya chokaa, paa la mawe bapa, na ngazi za mawe zilizobanwa kati ya ukuta na bomba la moshi, zikijipinda kama gamba la konokono. Walio hai hupita humo mmoja mmoja, jeneza halipiti. Ndiyo maana sakafu ya chumba kile ina Mlango Mrefu, mbao mbili zenye pete za chuma, urefu wa mtu aliyelala. Mama yako alishushwa hapo kwa kamba, miguu ikitangulia, mimi na wewe tukiwa tumejificha chini ya meza ya sebuleni. Hakuna mtu hai aliyewahi kupita pale. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyethubutu.

Mwezi Septemba Shangazi Hettie, mama yako mkubwa, alianguka chumbani humo akavunjika nyonga. Ossie Raw alikuja na gari la wagonjwa, akaingiza kichwa kwenye ngazi, akakitoa.

“Bibi, hapa hata paka aliyeshiba hapiti. Machela haikati kona. Tutakushusha kwa ule mlango wa sakafuni.”

“Pale hapiti mtu anayepumua.”

“Basi bana pumzi kidogo, tutafika chini sasa hivi.”

“Mdomo wako mpana kuliko mlango wenyewe, Ossie. Umeurithi kwa mama yako.”

Daktari alikuwa amesema wazi: bila hospitali siku hiyo hiyo, hatapona. Shangazi akakubali kwa masharti. Maiti hutanguliza miguu, kwa hiyo yeye atatanguliza kichwa. Na Cuthbert, aliyesimama chini, amwite njia nzima, naye aitikie, ili nyumba isimdhanie amekufa. Amwite kwa jina, si “Shangazi”, kwa sababu mashangazi waliokwisha kupita mle ni wengi.

Wakalegeza kamba. “Hettie!” “Nipo!” “Hettie!” “Nipo!” Alipofika katikati ya mihimili akanyamaza. Cuthbert akapiga ukelele.

“Nipo, mpumbavu we! Mimi si kiziwi!”

Alipona. Amerudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo, na kitanda chake kiko sebuleni, chini ya mlango ule.

Tatizo ni mlango. Haufungiki. Nimepima mwenyewe tundu na mbao: kipimo kinasema zinatosha, mbao zinasema hapana. Fundi mwashi wa kijijini anasema ukuta wa kaskazini umeinama na mihimili imejikaza. Huenda ni kweli. Niseme pia kwamba aliondoka bila kumaliza chai yake, na keki hakuigusa. Cuthbert alitandika zulia juu ya tundu. Asubuhi tulilikuta sebuleni.

Tangu arudi, kila jioni taa zikiwashwa, Shangazi huita majina ya waliomo ndani. Tunamcheka, lakini tunaitikia. Jumapili alikuwa na barua yako mapajani.

“Cuthbert!”

“Nipo.”

“Nessa!”

“Nipo.”

Kisha, kwa mapenzi tu, akiutazama mwandiko wako: “Isobel!”

Sauti ikaitikia kutoka juu: “Nipo.”

Nakuandikia nilichosikia, bila kuongeza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, haikuwa na hofu, na ilitoka kwenye tundu. Kama ilikuwa yako siwezi kuapa. Ni miaka mingi sijakusikia. Nilipanda na taa. Chumba kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa.

“Ni upepo,” Cuthbert akasema.

“Upepo haujui kuitikia,” Shangazi akamjibu. “Na hilo koti unalivaa uende wapi? Keti.”

Ningeweza kukupelekea telegramu, lakini wewe na mimi tunajua telegramu zilileta nini kwenye nyumba hii wakati wa vita. Sikutaka kukushtua hivyo. Basi wewe ndiye unitumie telegramu. Barua hii ikikufikia, nenda posta siku hiyo hiyo, kabla hujavua aproni. Neno moja linatosha: Nipo.

Jana jioni Shangazi aliita majina yetu mawili, akafungua kinywa kwa la tatu. Nikamshika mkono. Mpaka telegramu yako ifike, jina lako haliitwi ndani ya nyumba hii.

Msalimie Murdo, na Elspeth, na Lachie. Cuthbert anakusalimu, ingawa atakana kwamba aliniambia niharakishe kuandika. Shangazi anasema ulete sufu ya huko kwenu, na uingie kwa mlango wa mbele, kwa miguu yako mwenyewe.

Mungu akulinde huko uliko, na akuweke huko huko mpaka wewe mwenyewe utakapofunga safari.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda na kukungoja,

Nessa