Mama Aliniambia "Niombee"

Mpendwa Bi Nasiha,

Nakuandikia kwa sababu sina pengine pa kulipeleka jambo hili, kanisani siwezi na nyumbani siwezi. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, naishi Tudor, ni karani wa godauni moja la Shimanzi. Mama yangu alifariki wiki tano zilizopita, na huenda ulimjua, kwa kuwa kwa miaka thelathini kila Alhamisi alikuwa akienda hospitalini, wodi ya wanawake, na chupa ya uji, awalishe wasio na jamaa, awabadilishie shuka, kisha ndipo apige magoti awaombee, na hakumuuliza mtu dini yake. Hata jirani yetu Bi Mwanakuu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa akibisha mlango na kusema, "Mama Kingi, niombee, mguu huu wanisumbua," na mama alimwombea palepale na unga ungali mikononi. Neno hilo kwetu lilisikika kutwa. Niombee mwanangu apone, niombee nafasi kwa mwalimu mkuu, na mama alimtumikia kila mtu, huku kwa Mungu na huku kwa mwalimu mkuu.

Mimi niliacha kusali miaka kumi iliyopita. Mama alijua na hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo laniumiza zaidi. Siku yake ya mwisho nilikuwa naye peke yangu hospitalini, dada yangu Stacy ameenda nyumbani kuoga, midomo ya mama imekauka hata imepasuka, akanishika mkono wa shati akasema, "Kingi, niombee." Mimi nikadhani ataka nimwombee maji kwa muuguzi. Nikatoka mbio, nikamngoja muuguzi amalize na mgonjwa mwingine, nikarudi na kikombe nikakuta mama ameshakata roho. Nikiwa nimesimama na kile kikombe ndipo nikaelewa alichotaka. Mtu aliyemwombea kila mtu, alipoomba yeye mara moja tu, mwanawe akamletea maji.

Stacy aliporudi akauliza kama mama aliondoka akiombewa, nikamwambia ndiyo, nilimwombea, naye akaitikia amina. Uongo huo umemfikia mchungaji, ameuchapisha kwenye kijitabu cha ibada ya kumkumbuka mama Jumapili hii, na akina mama wa kanisa wanalia wakiniona, eti mama hakufanya kazi bure, nami siku hiyo niinuke nitoe ushuhuda. Bi Nasiha, sina imani, sina mama, na hata kumlilia nashindwa kwa kuwa kila anayenipa pole ananisifu. Nawaza kupanda basi Jumapili alfajiri niende popote. Nifanyeje?

Kingi, Tudor

Kingi mwanangu,

Pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekasirika, basi nivumilie.

Kwanza hilo la maji. Mimi si wa dini yenu, lakini neno hilo twalitumia sote. Nasi husema "niombee" tukitaka dua, na tukitaka mtu atuombee chumvi kwa jirani. Mgonjwa mwenye midomo iliyopasuka akisema hivyo, mtoto mwenye akili hukimbilia maji. Mama yako mwenyewe, kwa maelezo yako, alianza na uji, magoti yakafuata. Hukumtendea ubaya. Lakini sitakudanganya kwamba najua alichotaka. Huenda alitaka maji. Huenda alitaka sala, akafa asiipate kwako. Hutajua kamwe, na mtu akikuambia kwamba yeye anajua, mkimbie.

Sasa uongo, na hapo sina huruma nawe. Siku ile ulikuwa umechanganyikiwa, naelewa. Lakini wiki tano? Umewaacha wanawake waliofanya kazi na mama yako wakulilie begani kwa jambo ambalo halikutokea. Mama alijua husali na hakukulazimisha kujifanya. Leo ukinyamaza utakuwa unajifanya kwenye ibada yake. Na basi hilo la kupanda alfajiri lisahau. Ukikimbia, kijitabu kitasomwa vilevile.

Leo hii nenda kwa Stacy, kabla ya mchungaji, kwa sababu yeye ndiye uliyemdanganya kwanza. Mwambie yote, hata kikombe. Atalia, pengine atakufukuza, nawe kaa mlangoni umngoje. Kesho mwendee mchungaji aufute ule mstari wa kijitabuni, wala usimwahidi kwamba utarudi kusali, maana hujui kama utarudi. Jumapili ukiitwa, simama. Taja yale mama aliyoyafanya kwa mikono yake, kwa kuwa hayo uliyaona. Kisha sema, "Mama aliniambia nimwombee, nami sikumwombea." Usijitetee. Keti.

Watakaonuna watanuna. Na neno lile utalibeba maisha yako yote, mwanangu, sikufichi. Ila utalibeba jinsi lilivyotokea.

Bi Nasiha