Tairi Pana kwenye Ringi Nyembamba

Mke wangu Mwanaisha, mama Rukia,

Salamu zangu zikufikie kabla ya harufu ya halwa aliyoibeba mwenzangu Kassim, zikukute u mzima, wewe na Rukia na mamangu, na kuta za nyumba yetu hapo Ndia Kuu kama bado zimesimama. Mimi huku milimani Omani ni buheri wa afya, na zaidi ya afya nina bahati. Wallahi bahati iliyonishukia mimi ingemshukia mtu mwengine angezimia. Mumeo ndiye fundi mkuu wa tairi katika duka zima hili la kukodisha baiskeli za milimani. Wazungu, Waarabu, Wajapani, hakuna ateremkaye jabali kabla Mbarak hajaja akaweka dole gumba lake juu ya tairi, akafinya, akasema, "Nenda." Watu wana shahada za vyuo vikuu, na anayengojwa ni mimi, ambaye darasa la nane nililichungulia dirishani. Tajiri wa duka ameshaniambia nitapewa chumba changu peke yangu chenye kipoza hewa. Basi mambo yangu ndiyo hayo, usije ukasema hukuolewa.

Nimeshika kalamu kwa sababu sauti ninazokutumia kwa simu zasikizwa na nyumba nzima, na jirani, na paka wa jirani. Kassim yuwaruka kesho asubuhi, na kabla ya magharibi atakuwa mlangoni kwako. Barua hii ni yako wewe peke yako. Isome umekaa kitako.

Moyo wangu hautulii, Mwanaisha. Haujatulia tangu uliponitumia ile video ya ndugu yangu Swaleh akimpeleka Rukia skuli Tononoka kwa baiskeli. Nimeitazama hata wenzangu wameniuliza kama ni mchezo wa kuigiza. Mvua imetoka kunyesha, kabro za barabara zang'ara, mwanangu amekaa juu ya karia na mkoba wake mgongoni, amemshika ami yake kiuno. Wafika pale konani ambapo wauza samaki humwaga maji yao, na gurudumu la nyuma layumba, lenda upande kisha larudi. Rukia acheka. Nawe nyuma ya simu nakusikia wacheka. Mimi sikucheka. Nililiona lile tairi limelala ubavu.

Matairi yale nimempa mimi. Wajua nilivyoyapata, wateja hapa huyatupa yakiwa bado na meno, nami nikaona haya kwa ndugu yangu ni dhahabu, mchana kutwa yuwapeleka mboga za soko la Marikiti majumbani juu ya baiskeli ile kongwe. Nikayatuma, na sauti nikaituma, ile ndefu uliyonisifu kwayo. Nilimwambia ayavishe na asiyajaze upepo, upepo kidogo ndiyo siri, tairi laini lashika jiwe kama mjusi ashikavyo ukuta, na tairi gumu ladunda tu, na kinachodunda hakishiki.

Na si urongo, hayo niliyasikia hapa hapa kwa masikio yangu. Tairi likiwa pana na upepo wake ni mdogo, lajitandaza, mpira mwingi wagusa ardhi, likakumbatia changarawe. Gurudumu likiwa kubwa lapita juu ya mawe ambayo dogo lingetumbukia katikati yake. Yote ni kweli. Ila ni kweli ya huku.

Waikumbuka hadithi uliyonipa, fundi Bakari alivyokataa kuyavisha. Alimwambia Swaleh kwamba ringi ya baiskeli ile ni nyembamba, na kuitilia tairi pana namna hii ni kuuvisha mwiko kanzu ya mtu mnene. Akasema kama ni lazima, basi atalijaza upepo mpaka likipigwa ukucha lilie. Swaleh naye akatoa simu, akaifungulia sauti yangu mbele ya mahamali wote wa Marikiti. "Sikiza, mzee," akamwambia, "huyu ndiye fundi wa milimani asemaye." Bakari akasikiza mpaka mwisho, akatia mate kidoleni, akavisha matairi, akatoa upepo kama nilivyosema. Mahamali wakapiga makofi. Uliponihadithia ulikuwa na fahari mpaka sauti yako yatetemeka. Nami nikakwambia nihadithie tena.

Sasa sikiza. Kuna Mnepali hapa dukani, jina lake Dil, mtu mfupi, mkali, hacheki hata mkewe akimpigia simu. Baada ya ile video nilimwendea, nikamwambia ndugu wa mtu nimjuaye amevisha tairi pana kwenye baiskeli yake huko nyumbani. Akaniuliza ringi ni pana kiasi gani. Sikujua. Akauliza upepo ni kiasi gani kwa kipimo. Nikamwonyesha dole gumba langu, akalitazama kama kitu kilichokufa. Akauliza mzigo ni upi. Nikamwambia mboga, magunia ya vitunguu, ndizi. Ndipo akaenda stoo akatoa ringi kuukuu nyembamba, akaivisha tairi pana, akatia upepo kidogo, akaifunga kwenye baiskeli. "Sukuma," akaniambia. Nikasukuma kwa ubavu. Mwanaisha, tairi lilijikunja chini ya ringi kama mdomo wa ngamia atafunaye. Ringi ile ni nyembamba, haina pa kulishika, kwa hivyo tairi lasimama juu yake kama puto juu ya ncha ya kidole. Mzigo ukiwa mwingi na upepo mdogo, ringi yashuka ikaiuma tyubu mpaka chini. Na kwenye kona tairi laweza kuvuka ukingo likatoka.

Nikamwambia asubuhi mboga huwa hazipo, huwa ni mtoto.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Dil akaweka spana chini. Ningalipenda anitukane.

Nikampigia Swaleh. Nikamwambia yavue matairi, rudisha yale ya kale. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, umeanza mizaha yako. Juzi wasema upepo kidogo, leo wasema matairi ni mabaya. Fundi gani wewe?" Akampa mama simu kabla sijajibu, na mama akaniambia kila aendako watu wamuuliza habari za mwanawe fundi wa Omani. Nikamuuliza habari za magoti yake. Maisha yangu yote nimechekesha watu, na siku niliyotaka kuaminiwa nikachekwa.

Ndipo nikakupigia wewe nikakwambia nimeota ndoto mbaya, nimemwona Rukia juu ya baiskeli, asipande. Sikuota kitu. Nilidhani utamzuia. Kumbe wewe ukapika kaimati sinia zima, ukawaita watoto wa chuo cha Kurani wakasoma dua, ukagawa sadaka, kisha asubuhi ukamkalisha Rukia juu ya karia moyo wako mweupe kabisa. Ukanipigia kuniambia nisiwe na wasiwasi, ndoto imeshaondolewa. Mungu akuzidishie imani, mke wangu, lakini kaimati haipanui ringi.

Basi fanya hivi. Ukishamaliza kusoma, funga baiskeli kwa mnyororo na ufunguo utie kifuani. Rukia aende skuli kwa miguu nawe, njia si ndefu, na akilia mnunulie achari ya embe. Swaleh apeleke baiskeli kwa Bakari, matairi ya kale najua bado ameyatundika, hatupi kitu mzee yule. Katika mfuko wa halwa mna kipimo cha upepo, Dil amenipa chake mwenyewe, sikukiomba. Upepo uwe wa kutosha, na gurudumu la nyuma lipate zaidi ya la mbele kwa kuwa ndilo libebalo. Lakini Bakari naye asilijaze mpaka lilie, maana tairi gumu kama jiwe juu ya kabro zilizorowa hugusa ardhi kwa upana wa kidole tu. Hapo katikati wapaone wao wawili, kwa kipimo, si kwa dole gumba. Na pale kwa wauza samaki ashuke aikokote. Hakuna aibu ya kukokota.

Nisalimie mama, mwambie magoti yake nayaombea. Nisalimie shangazi mshona kofia wa ghorofa ya juu, na mwalimu wa chuo aliyeongoza dua, na mjomba wako muuza kahawa ambaye najua ataitaka halwa yote, usimpe. Swaleh mpe salamu nzito, nduguye ampenda ingawa karibu amuue. Rukia mbusu mikono yote miwili.

Nilisema barua hii ni yako peke yako. Nimebadili nia. Mpelekee Swaleh Marikiti, aisome kwa sauti palepale alipoifungulia simu yangu, mbele ya fundi Bakari na mahamali wale wale, na mama aitwe. Nikisema kwa simu watasema Mbarak yuwafanya mzaha. Maandishi hayana sauti ya mzaha. Na akifika hapa asome polepole.

Mimi si fundi. Sijawahi kutia tairi lolote upepo katika duka hili. Naosha baiskeli zikirudi na matope, na nalala chumba cha watu wengi chini ya feni moja. Hakuna mtu aliyewahi kulingoja dole gumba langu.

Mumeo,
Mbarak