Saa Iliyopunguzwa Mara Mbili

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na mama yako na majirani wa Bondeni. Huku ugenini sote wazima. Bibi yako ameanza tena kushona.

Umeniuliza kama unaweza kurekebisha kipande kilichoandikwa ovyo katika maktaba ya C, ule mkusanyo wa vipande vya programu mnaoutumia pamoja kazini. Nami ujanani nilitunza maktaba kama hiyo, katika ofisi moja karibu na Ndia Kuu, na vipande vyake vilitumika kwenye kompyuta za aina tatu. Kimoja kilitoa saa kwa hesabu ya Kizungu. Nikakigeuza kitoe saa yetu ya Kiswahili. Sikumwuliza mtu.

Kumbe programu ya mwenzangu wa ofisini, Bi Rehema, iliyopanga zamu za makuli, ilikuwa tayari inapunguza saa sita ili kupata saa ya Kiswahili. Sasa zikapunguzwa mara mbili, na zamu ya saa moja asubuhi ikachapishwa kuwa ya saa saba. Makuli wakaja mchana, meli inawangoja.

"Leo tumelala kwa ruhusa ya kompyuta!" walicheka.

Mkubwa wa ofisi hakucheka. Alimwambia Bi Rehema akusanye vitu vyake. Nikaingia, nikasema kosa ni langu, naye akabaki kazini. Kipande cha zamani nilikirudisha kama kilivyokuwa, nikaandika kipya kando yake, kwa jina jingine. Nawe ningekushauri hivyo hivyo.

Bi Rehema hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine ukitaka kunitengenezea kitu, kwanza niambie kimeharibika."

Babu yako akupendaye