Skripti Iliyosema Salama

Kibarani, Kilifi
Jumanne, 4 Machi 2025

Mjomba Uthman,

Shikamoo. Hamjambo huko Shella? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Ile skripti ya kompyuta uliyoniachia ulipostaafu, inayounganisha vipande vya programu ya zahanati kabla hatujaitia kwenye simu za wauguzi, kila nikiiendesha huandika neno moja: Salama. Nimeiendesha mara tisa, Salama mara tisa, na bado kina mama wanapokea ujumbe mtupu badala ya kukumbushwa siku ya chanjo. Mmoja wao, Kahonzi, alidhani simu yake imeharibika. Mwanawe akakosa chanjo ya surua. Muuguzi Sidi ameniambia, "Mpaka Jumatatu, mwanangu. Baada ya hapo narudi kwenye daftari."

Nimeifungua nikaona malalamiko yake yote, kila kosa inaloliona, umeyaelekeza shimoni yasisomwe na mtu. Kwa nini?

Mpwa wako,
Mahfudha

Shella, Malindi
Jumatano, 5 Machi

Mahfudha mwanangu,

Marahaba, marahaba. Wazima wote, isipokuwa goti langu, ambalo limegombana na ngazi.

Hapo umenishika. Miaka sita iliyopita walikuja wakaguzi. Mimi, mwalimu wa jiografia niliyejifunza kompyuta ukubwani, nikaiendesha mbele yao, kioo kikajaa wekundu kama nimechinja kuku. Aibu gani hiyo! Walipoondoka tu nikaiziba mdomo.

Nawe wajua desturi yetu. Mtu ukimwuliza hali atasema salama. Mpaka kahawa iishe ndipo akwambie kavunjika mguu. Nikaifunza skripti adabu hiyo, nikasahau kuiandalia kahawa.

Lakini usiizibue wiki hii, nakuomba. Yatakumwagikia ya miaka sita. Mwombe Sidi mwezi mmoja.

Mjomba wako, fundi wa kubahatisha,
Uthman

Kibarani
Alhamisi, 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya goti. Nimeizibua.

Malalamiko arobaini na moja! Mengi hayakusema kitu: "Faili halipo." Faili lipi? Nimekaa nayo kutwa, moja baada ya jingine. Sasa hatua ikishindwa, skripti inasimama papo hapo, inataja faili, mahali ilipolitafuta, na la kufanya. Thelathini na nane nimeyamaliza, mawili ni madogo. Lililobaki, ndilo linalowaachia kina mama ujumbe mtupu, lasomeka hivi:

"Faili la ujumbe wa Kigiriama halipo. Limetafutwa: kompyuta ya Uthman, folda Picha za Harusi ya Shaima."

Mjomba. Harusi ya Shaima binti yako?

Nijibu leo.

Mpwa wako,
Mahfudha

Kibarani
Ijumaa, 7 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti limepata nafuu?

Kimya chako nakijua. Sina hasira tena, ila sitangoja mwezi, wala sitangoja wiki. Kama faili lipo, lilete. Kama limepotea, sema limepotea, nijue pa kuanzia.

Mahfudha

Shella
Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Limepotea. Haya, nimesema. Kompyuta ile nilimpa mjukuu wangu Rashad mwezi wa Disemba, akafuta kila kitu, harusi na yote. Siku mbili hizi nilikuwa nikitunga visingizio. Kimoja kilikuwa kizuri sana, kina mvua na umeme ndani yake. Nitakusimulia siku nyingine.

Ujumbe ule niliuandika kwa msaada wa Sidi, sentensi kwa sentensi, naye akinicheka matamshi. Nimeshampigia. Amecheka tena. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenu, tukae sote watatu tuuandike upya. Faili safari hii utaliweka wewe. Mimi usiniachie hata kikombe.

Mjomba wako,
Uthman

Kibarani
Jumatatu, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ulifika nyumbani vyema jana? Mgongo je, baada ya kuandika kutwa kwenye kiti changu kile?

Leo saa tatu asubuhi nikaiendesha. Ikakataa! "Ujumbe wa tisa, mstari wa kumi na nne: alama ya kufunga haipo. Iongeze, uendeshe tena." Ulikuwa mstari wako, bila shaka. Dakika mbili nikamaliza, na saa nne simu za wauguzi zilikuwa tayari.

Saa saba Sidi akanipigia. Hakunisalimu. Nikasikia mtoto analia, kilio cha kuvunja bati.

"Wamsikia?" akaniuliza. "Huyo ni wa Kahonzi. Ndiyo kwanza nimemchoma."

Mpwa wako,
Mahfudha